Konrodi Nane

Konrodi arobaini na nane zilikuwa zimetandazwa juu ya meza ya kulia chakula, na Mama Opal hakuwa na pa kuweka sahani yake.

"Sasa mimi nile wapi?" akauliza. "Magotini?"

"Subiri kidogo, mama," alisema mwanawe, Wendell Hauck. "Tunamaliza."

"Mnamaliza tangu Jumatatu."

Lorna, mkewe Wendell, aliendelea na kazi yake. Alikuwa amefumba macho, ameshika konrodi moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, anazipandisha na kuzishusha taratibu. Kwa asiyejua, konrodi ni ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krenki, na injini yao ya silinda nane ilitaka nane. Hizi arobaini na nane Wendell alizing'oa kwenye injini sita zilizokufa, kule kwa wauza vyuma chakavu. Zote zilikuwa za kiwandani, za aina moja, na ukizitazama kwa macho utaapa kwamba hazina tofauti. Lorna alifumbua macho, akaisukuma ya kushoto upande wa zilizokataliwa.

Kwa miaka kumi na tisa Lorna alikuwa mpangaji wa mayai kwenye kituo cha kufungashia mayai hapa hapa Corbin Flats. Makubwa huku, ya kati huku, madogo kule, maelfu kwa siku, kwa mkono tu. Kisha ikaletwa mashine. Siku ya kumwachisha kazi walimpa mizani ya kupimia trei, eti ndiyo asante, na mizani hiyo ndiyo ilikuwa mbele yake sasa. Aliitumia kuhakikisha tu. Alipima konrodi nzima, halafu akaining'iniza kwa uzi na kupima kila ncha peke yake, maana uzito ukilalia upande mmoja injini itatetemeka ikikimbizwa, na injini inayotetemeka mwisho wake ni kujipasua. Iliyofaa aliikwaruza namba mbili kwa ncha ya msumari, moja juu na moja chini, na pembeni akaweka kiduara chenye nukta, alama yake ya tangu kwenye mayai.

"Hii ni ya nane," akasema mwishowe.

Wendell aliinuka, akambusu utosini. "Wewe mwanamke una mizani kwenye damu."

"Nina mgongo unaoniuma. Mtolee mama yako meza."

*

Niseme mapema kwamba mimi sipendi kusema watu, lakini Royce Tillery nitamsema. Ana karakana ya injini kwenye barabara kuu, mabenchi manne, sakafu safi mpaka unaona haya kukanyaga. Kiwanda cha kuyeyushia chuma kilipofungwa na wanaume mia tatu wakabaki nyumbani, nusu yao walikwenda kumwomba kazi. Wendell alikwenda mara tano. Mara ya tano Tillery alimwacha asimame mlangoni mpaka amalize kula mkate wake.

"Wendell, tangu kiwanda kifungwe kila mtu mji huu amekuwa fundi," alisema akijifuta mdomo. "Umewahi kufunga injini ya mashindano?"

"Injini nazijua. Nimemimina bloku za injini miaka ishirini na mbili."

"Anayemimina bloku ni mpishi. Mimi natafuta fundi." Vijana wake wakacheka. Tillery naye akacheka, halafu, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, akaongeza: "Haya, sikiliza. Nifungie injini ya gari la barabarani, vyuma vya kiwandani vitupu, hakuna hata kimoja cha kuagiza. Ishinde Jumamosi tatu mfululizo pale uwanjani. Ukiweza, benchi lile pale ni lako, dola saba kwa saa."

Alilisema kwa mzaha. Wendell alilibeba hivyo hivyo mpaka nyumbani na kuliweka mezani mbele ya mkewe na mama yake. Nyumba ile ilikuwa inaishi kwa maharage ya makopo na jibini ya serikali iliyogawiwa kwenye chumba cha chini cha kanisa, ambako Lorna alipanga foleni na walewale waliokuwa wakila mayai aliyoyapanga. Benchi lile lilikuwa kila kitu. Aprili yote hawakuzungumza jambo jingine.

Na nisimdhulumu Wendell. Bloku aliichagua mwenyewe kati ya kumi na nne, akisoma tarehe iliyochongwa ubavuni, kwa sababu alikumbuka ni mwezi gani kiwanda kilikuwa kinamimina kuta nene. Alisaga valvu kwa mkono mpaka ngozi ikamtoka. Alifungua kabureta tatu kupata moja. Injini ilipofungwa na kuwekwa ndani ya Chevrolet yao ya mwaka sitini na tisa, gari lile lile la kuendea kanisani na sokoni, iliwaka kwa mara ya kwanza ikanguruma chini chini bila kutikisa hata maji ya glasi. Wendell alikuwa ameiweka glasi juu ya bloku makusudi. Mama Opal alitoka na kitambaa cha jikoni begani, akaitazama ile glasi.

"Baba yako angelia," alisema, kisha akarudi ndani upesi.

*

Uwanja wetu ni wa udongo, wa kuzunguka, na Jumamosi mchana kuna mbio za magari ya barabarani. Masharti ni machache. Gari lije kwa magurudumu yake na namba zake za serikali, injini iwe ya kiwandani. Na kuna sharti la kudai: gari lililoshinda, yeyote aliyemaliza mbio zile mizunguko yote anaweza kuidai injini yake kwa dola mia nne, na mshindi hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, ushindi wake wote unafutwa na uwanjani hakanyagi tena. Wazee waliliweka sharti hilo kumlinda mtu maskini. Walisema tajiri hatamwaga maelfu kwenye injini inayoweza kuchukuliwa kwa mia nne. Nadhani waliamini hivyo kweli.

Jumamosi ya kwanza Wendell alishinda. Watu wakasema bahati. Ya pili akashinda kwa nusu mzunguko, na watu wakaanza kuja kuchungulia chini ya boneti.

"Umetia nini humu, Wendell?" aliuliza jirani yake, Dub Kesler, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. "Sema tu, sisi si polisi."

"Vyuma vya kiwandani."

"Na mimi ni Papa wa Roma."

Jioni ile, wakirudi nyumbani kwa gari lile lile, Lorna alikuwa amepakata keki aliyookewa Wendell na mke wa Dub. Alisema, akitazama mbele, "Wakikuuliza tena, unaweza kuwaambia."

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba tulipanga wote."

Wendell alibadili gia. "Nikipata benchi nitawaambia. Sasa hivi Tillery ananipima. Nikisema mke wangu ndiye kapanga konrodi jikoni, atacheka mpaka aanguke, na benchi limekwenda. Unamjua alivyo."

"Namjua," alisema Lorna. Keki aliishika vizuri mpaka nyumbani.

*

Jumamosi ya tatu watu walijaa kuliko siku ya sikukuu ya uhuru. Tillery mwenyewe alileta gari, na hilo lilimpendeza Wendell; aliona ni heshima. Alivaa shati lililopigwa pasi. Lorna na Mama Opal walikaa safu ya pili, karibu na uzio, na mfuko wa karanga kati yao.

Wendell alishinda. Sina haja ya kuwasimulia mizunguko; kuanzia wa sita hakuna aliyemwona ila kwa nyuma. Gari la Tillery lilimaliza la nne, likiwa limekamilisha mizunguko yote, na sharti halitaki zaidi ya hapo.

Mtangazaji alimsogezea Wendell kipaza sauti. Watu walikuwa wamezunguka gari, Tillery mbele yao, mikono mifukoni.

"Hebu tuambie, Wendell," alisema Tillery kwa sauti ya kusikika, "nani kakusaidia? Kulinganisha injini hivi si kazi ya mtu mmoja. Nani kakupangia vyuma?"

"Nimeifunga peke yangu," alisema Wendell. "Kwa mikono yangu hii miwili."

"Hata mke hakukushikia tochi?" alidakia Dub.

Watu wakacheka. Wendell naye akacheka, uso umemng'aa, miezi kumi na minne ya kukaa bure inamtoka mwilini mbele za watu. "Mke wangu?" akasema. "Mke wangu anajua mayai tu."

Vipaza sauti vya uwanja ule ni vikubwa, vinasikika hadi barabarani. Mama Opal aliacha kumenya karanga. Lorna alitazama mikono yake, akapangusa maganda kwenye sketi, moja moja. Iliniuma, nami si ndugu yao.

Kicheko hakijaisha Tillery akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati na kumkabidhi msimamizi wa mbio.

"Naidai," alisema.

Wendell hakuelewa mara moja. "Unadai nini?"

"Injini. Mia nne, taslimu. Sharti lipo ukutani, kasome."

"Bwana Tillery, benchi je? Tulikubaliana. Jumamosi tatu."

"Tulikubaliana, ndiyo. Lakini nitajuaje kama ni vyuma vya kiwandani mpaka niifungue? Unaweza kunificha kitu humo. Nikikuta ni safi, tutazungumza." Alimpiga bega. "Au unakataa? Ukikataa, huna Jumamosi hata moja."

Msimamizi alisimama na ile bahasha, hamtazami mtu usoni. Wendell aliwatazama watu. Wale waliocheka naye sasa hivi walikuwa wameshaanza kuangalia viatu vyao. Akaipokea bahasha.

Vijana wa Tillery walikuwa wamekuja na winchi tayari. Ndani ya saa moja na nusu waliing'oa injini, wakaifunga minyororo kwenye lori, wakaiacha Chevrolet imeachama boneti. Wendell alisimama pembeni akiwaelekeza wasivunje paipu, maana hakujua afanye nini kingine. Dub ndiye aliyewarudisha nyumbani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema kitu njia nzima.

Kwenye kibaraza Mama Opal alimpokonya mwanawe ile bahasha. "Hizi za umeme na meno yangu," alisema. Kisha akamwangalia kwa muda. "Nilikuzaa mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kukuambia. Leo umenitia aibu, na si kwa sababu ya Tillery."

Wendell alimgeukia mkewe. "Lorna, nilikuwa natania tu."

"Najua ulikuwa unatania," alisema Lorna. "Kuna makaroni kwenye jiko."

*

Siku kumi Wendell alinyoa ndevu kila asubuhi na kuvaa lile shati. Alikaa karibu na simu. Mama Opal akitaka kumpigia mtu alimwambia afanye haraka. "Ataifungua, atakuta ni safi," alisema. "Hana pa kutokea." Alilirudia jambo hilo mpaka Lorna akawa anatoka nje kuanika nguo ambazo hazijalowa.

Siku ya kumi na moja lori la Tillery lilisimama mlangoni. Wendell alimfungulia kabla hajabisha.

"Karibu, Bwana Tillery. Lorna, kahawa."

Tillery aliketi pale pale mezani zilipokuwa konrodi. Alionekana hajalala vizuri. Alitoa konrodi tatu kwenye mfuko wa turubai, akatenga moja na kuigeuza kuelekea dirishani. "Nimeifungua yote," alisema. "Ni vyuma vya kiwandani vitupu. Nikasema basi, hakuna siri, nikafunga nyingine kama ile, kila kitu sawasawa. Inatetemeka kama kichaa. Vijana wangu wamepima konrodi siku tano na mizani ya maelfu ya dola, wamepata tatu zinazofanana. Tatu. Sasa nimeona hii." Aliweka kidole kwenye namba mbili zilizokwaruzwa, na kiduara chenye nukta. "Mwandiko wa nani?"

Wendell alikuwa na nafasi hapa. Mimi huwa nalifikiria jambo hili. Mkewe alikuwa hatua nne kutoka kwake, amempa mgongo, anaosha vikombe.

"Wangu," alisema Wendell.

"Vizuri." Tillery alimsogezea zile mbili zilizobaki, zisizo na alama. "Ipi nzito?"

Wendell alizichukua, akazipandisha na kuzishusha kama alivyomwona Lorna akifanya. Alifumba macho. Akafumbua. "Hii ya kushoto," alisema.

Jikoni maji yalifungwa. Lorna alikuja akijikausha mikono kwenye aproni, akazichukua konrodi mikononi mwa mumewe. Hakufumba hata macho.

"Uzito wake ni mmoja," alisema. "Lakini hii imelalia chini na hii imelalia juu. Haziwezi kukaa kwenye injini moja." Akaziweka mezani na kurudi kwenye vikombe vyake.

Mama Opal, kwenye kiti chake, alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Alaa," alisema Tillery mwishowe, akitikisa kichwa. "Mayai." Alicheka kidogo, akamgeukia Wendell kwa adabu ambayo hajawahi kumwonyesha. "Wendell, mkeo ana ruhusa yako aje kwangu kazini?"

Lorna ndiye aliyejibu, bila kugeuka. "Ni kwa dola saba. Ndivyo ulivyosema kwa benchi lile."

"Ile bei ni ya fundi, mama. Fundi anafunga, anachonga, anapiga mahesabu. Wewe utapanga tu. Nne."

"Anayepanga ndiye amekutoa kitandani asubuhi hii."

"Nne na nusu. Na huyo hapo," akamwonyesha Wendell kwa kidevu, "simchukui. Sitaki mtu anayenidanganya mezani pake."

Lorna aligeuka. Alimtazama mumewe na shati lake la pasi, akamtazama mama mkwe, akatazama kabati lenye jibini ya serikali. Nilivyosikia, alisimama hivyo mpaka kahawa ikachemka na kumwagika, na hakuna aliyeinuka kuitoa.

"Jumatatu saa ngapi?" akauliza.

*

Kufikia Agosti, Tillery alikuwa ameshinda Jumamosi sita. Hakuna aliyeidai injini yake, maana wenye mia nne mkononi siku zile walikuwa wachache, na wale wachache wote walikuwa na magari yanayotengenezwa kwake. Wendell alikuwa nyumbani. Alikuwa amejifunza kuoka mkate wa mahindi, na kila asubuhi alimfungia Lorna chakula cha mchana kwenye lile kopo lake la zamani la kiwandani. Chevrolet ilikaa uani, boneti imefunikwa turubai, na Lorna alitembea kwa miguu kwenda na kurudi.

Jumamosi ya saba walikwenda uwanjani wote watatu, kwa gari la Dub. Walikaa safu ile ile ya pili. Tillery alishinda tena, akapanda juu ya jukwaa dogo na shada la karatasi shingoni.

"Bwana Tillery," aliuliza mtangazaji, "siri ni nini? Nani anakusaidia?"

Tillery alikisogeza kipaza sauti mdomoni. "Hakuna anayenisaidia," alisema. "Nimeifunga kwa mikono yangu hii miwili."

Watu wakapiga makofi. Wendell aliinuka nusu, akaketi, akainuka tena, uso umemwiva. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

"Umemsikia?" alisema. "Umemsikia anavyosema? Mbele za watu wote hawa?"

Lorna alikuwa anamenya karanga. Aliitia moja mdomoni, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha.

"Nimesikia," alisema. "Mwaka huu ni mara ya pili."

Akampa mama mkwe mfuko wa karanga, na wakangoja mbio zinazofuata.